Jina la Baba Limezuia Fedha za Kibanda cha Bibi

Mama Edelmira, samahani kwa kukusumbua, ninakuandikia wewe kwa sababu hapa mjini Huamanga sina mtu ninayeweza kumwambia jambo hili bila habari kumfikia mama yangu au bibi yangu, na ukiweza nijibu kabla ya Jumamosi, maana baada ya Jumamosi hata jibu zuri halitanisaidia.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule Desemba, ninaishi na Bibi, mama wa mama yangu, anayeuza mikate ya chapla sokoni tangu kabla sijazaliwa. Majibu yako huwa ninayasoma kwenye magazeti tunayofungia mikate, ndiyo maana mengine nimeyasoma nusu tu, nusu imeondoka na mteja. Mama yuko Turin, Italia, anamtunza bibi kizee mmoja asiyeweza kutembea, na yuko huko tangu nilipokuwa msichana mdogo. Majina nitakayoyataja si yetu ya kweli, lakini nimeyapanga kama yetu yalivyopangwa, na utaona kwamba mpangilio wenyewe ndio uliotuletea balaa.

Chama cha wachuuzi wa soko letu kimeamua kuwauzia wachuuzi vibanda wanavyovitumia, na asiyelipa hadi Jumamosi saa sita mchana kibanda chake kitapewa mtu mwingine. Tayari mwanamke mmoja anayeuza jibini amekuja kupima kibanda cha Bibi kwa kamba, Bibi mwenyewe akiwa amekaa ndani. Alisema, "Usinijali, mama, napima tu." Bibi akamwambia, "Basi pima na mgongo wangu, mwanangu, ujue utahitaji watu wangapi wa kunitoa." Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini siku hiyo Bibi hakugusa supu yake.

Mama akasema fedha atazituma yeye, zote kwa mara moja, ni akiba yake ya miaka yote. Fedha ndogo za kila mwezi huwa anazituma kwa wakala kwa jina la Bibi, lakini hizi zilizidi kiwango cha wakala, ikabidi zipite benki, na Bibi hana akaunti wala hataki kuisikia benki, kwa hiyo nikafungua mimi, ni akaunti yangu ya kwanza na niliifurahia sana, nilikuwa naitoa kadi na kuitazama tu kisha nairudisha.

Siku ya kutuma Mama alinipigia akiwa amesimama dirishani kwenye benki ya kule, nikawa namsikia karani wa Kiitalia akimharakisha. Mama akasema, "Wananidai nambari ndefu inayoanza na herufi za nchi." Nikamwambia, "Mama, kwetu hatuna hiyo, karani wa hapa amesema uandike nambari ya akaunti na msimbo wa benki, ule wa herufi niliokutumia." Akasema, "Haya, nimeuona. Na jina? Umeandikwaje?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye kitambulisho, kama watu wote wa hapa, nina majina mawili ya ukoo, la baba linatangulia, la mama linafuata, kwa hiyo mimi ni Yanira Poma Tincopa. Poma ni baba. Baba na Mama walikuwa na akaunti moja ya pamoja, wakiweka fedha za kujenga nyumba, na siku moja baba alizitoa zote akaenda Lima, sasa ana familia nyingine huko, na hiyo ndiyo sababu Mama alikwenda Italia. Mama halitamki jina hilo, akilazimika anasema "lile jina," na siku alipoondoka nilimsikia akimwambia Bibi, "Mkono wangu hautaliandika tena jina la yule mtu mpaka nakufa." Sasa aliponiuliza niliisikia sauti yake ina furaha, ilikuwa kama amefika mwisho wa safari, nikaona siwezi kulitia jina la baba katikati ya furaha hiyo, tena kwenye fedha hizi hasa, nikasema, "Yanira Tincopa, Mama." Akasema, "Safi. Ndivyo unavyoitwa."

Nikangoja. Kila nikifungua akaunti kwenye simu naikuta tupu. Juzi nikajikaza nikaenda benki, nikapanga foleni, na mazungumzo yangu na karani yalikuwa hivi, nayaandika kama yalivyokuwa ili unieleze kama nilielewa.

"Fedha zako zipo," akasema.

"Zimefika?"

"Zimefika benki. Kwako hazijafika. Zimeandikiwa Yanira Tincopa. Wewe ni nani?"

"Ndiye mimi."

"Kitambulisho chako kinasema Poma Tincopa."

"Poma ni la baba yangu, ila sisi nyumbani hatu..."

"Dada, sijakuuliza habari za baba yako. Yanira Poma ninamwona hapa. Yanira Tincopa simwoni, huyo kwangu ni mtu mwingine. Aliyezituma aende akarekebishe jina kule kule alikozitumia. Asiporekebisha zitarudi, na zikirudi zitakuwa zimekatwa."

"Zitarudi lini?"

"Nyuma yako kuna watu."

Mimi nikiambiwa hivyo siwezi kuuliza tena, Mama Edelmira, uso unawaka moto na maneno yananikimbia, nikatoka, na nilipofika nje maswali yote yakanirudia kichwani moja baada ya jingine.

Nje ya mlango husimama bwana mmoja mwenye faili kwapani, anaitwa Wilber, anawajazia watu fomu. Aliniona nikijifuta pua. Akasema, "Wamekukatalia, binti? Jina, eti? Hayo mbona madogo. Ndani nina mtu wangu." Akaniambia nimpe kadi na nambari yangu ya siri kwa siku moja tu, fedha zikishaingia atachukua chake kidogo, kadi nitarudishiwa. Nikamuuliza kwa nini anahitaji nambari ya siri, akacheka, "Unataka nikufungulie mlango bila ufunguo? Mama yako hata hatajua kama palikuwa na tatizo." Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyonishika. Nikamwambia nitafikiri. Akachukua nambari yangu ya simu na tangu hapo ananipigia, anasema Alhamisi mchana ndiyo mwisho, mtu wake wa ndani anakwenda likizo.

Sokoni nako hakukaliki. Mwenyekiti wa chama, Mama Fortunata, alipita kibandani akamwambia Bibi mbele ya wateja, "Hizo fedha zenu zinatoka Italia kwa miguu?" Yule wa jibini akadakia, "Labda msichana keshanunua simu mpya." Bibi akamjibu, "Mjukuu wangu hajui hata kuomba chenji yake," na aliposema hivyo nilitamani kuingia chini ya kapu la mikate, lakini nilipoinua macho nilimkuta anaitazama simu yangu mkononi. Haikuwa mpya, Mama Edelmira, ni ile ile, lakini aliitazama. Ameshanunua rangi ya samawati ya kupaka kibanda. Ananiuliza, "Wamekupa?" nami nasema, "Kesho, Bibi." Sijui nimesema kesho mara ngapi.

Jana Mama alinipigia akasema benki yake inamwambia fedha zimeshaingia Peru. Akaita, "Yanira? Upo?" Nikasema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya.

Na kuna jambo jingine, hata zikiingia sijui kama nitaweza kuzitoa kwangu kuzipeleka kwa chama. Mama Fortunata alitupa nambari ya akaunti ya chama kwenye kipande cha karatasi, iko benki nyingine, nilipojaribu kuiingiza kwenye simu ilikataa, ikasema tarakimu hazitoshi, na nimeogopa kumuuliza kwa sababu atasema tunatafuta visingizio.

Sasa nifanye nini? Nikimwambia Mama aliandike lile jina, ataona kwamba baada ya yote aliyofanyiwa mimi ndiye ninayemlazimisha kupiga magoti, na pengine atafikiri moyoni niko upande wa baba. Nikimpa bwana Wilber kadi, Mama hatajua chochote na Bibi atapata kibanda. Tafadhali niambie ukweli, hata kama utanigombeza. Ni mimi, Yanira.

MAMA EDELMIRA ANAJIBU

Yanira, barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingine zote, na waliokuwa wanangoja zamu watanisamehe.

Tuanze na kadi. Ibaki mfukoni mwako. Bwana Wilber usimpe Alhamisi, usimpe Ijumaa, usimpe hata akija na mtu wake wa ndani wameshikana mikono. Jina la mpokeaji hurekebishwa na aliyetuma fedha, na karani alikwambia hivyo waziwazi ingawa kwa ukali. Kwa hiyo bwana yule hana la kurekebisha, na kadi yako haina kazi yoyote kwenye marekebisho hayo. Anachongoja ni ninyi wenyewe mhangaike mpaka fedha ziingie, halafu yeye, akiwa na kadi na nambari ya siri, azitoe kwenye mashine kabla hujaamka kitandani. Na ukienda kulalamika, benki itakuuliza swali moja tu: nambari ya siri alipewa na nani? Akipiga tena usipokee. Kama uliwahi kumtajia hata tarakimu moja ya nambari ya siri, ibadilishe leo. Na umwambie msimamizi wa tawi kuna mtu mlangoni anawaomba wateja kadi, maana baada yako atakuja mwingine mwenye haya kama wewe.

Sasa nikugombeze kama ulivyoomba. Mama yako umemficha kwa sababu unampenda, naelewa, lakini benki haina dirisha la mapenzi. Inalinganisha herufi kwa herufi. Uliulizwa umeandikwaje, hukuulizwa unapenda kuitwaje. Hata hivyo hukosi wenzako: barua za namna hii napata nyingi. Wengi wetu tulioachiwa jina na mtu aliyeondoka hulimeza tukijitambulisha, na huko ng'ambo nako makarani huona majina mawili ya ukoo wakaokota moja tu, lolote. Matokeo ni yale yale, fedha zinakaa kizuizini.

Mama yako arudi kwenye tawi lile lile alikotumia, achukue risiti yake, aseme anataka kurekebisha jina la mpokeaji kwenye fedha zilizokwisha kutumwa. Aandike majina yako yote kama yalivyo kwenye kitambulisho, Poma kwanza, Tincopa baadaye, na asiache kitu wazi kwenye nambari ya akaunti, msimbo wa benki na anwani yako. Watamtoza ada, alipe. Kisha adai nakala ya ule ujumbe wa malipo ambao benki yake iliutuma kwa benki yako, akupigie picha. Asije akatuma fedha nyingine kabla hizi hazijajulikana ziko wapi. Kama ataambiwa tayari zimeanza kurudi, basi azipokee azitume upya kwa majina kamili, na pale wanapouliza ada italipwa na nani, ajibu ni yeye, zote, maana kuna benki za njiani ambazo nazo humega, na fedha za kibanda zikifika pungufu Mama Fortunata hatakuwa na subira. Na kama mnafikiria kuzigawa mzipitishe kwa wakala kwa jina lako, huko nako utaonyesha kitambulisho kile kile chenye Poma.

Wewe urudi benki na ile picha. Maswali yaandike nyumbani, kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba maneno yanakukimbia: marekebisho yameonekana? Fedha zitaingia lini? Kiwango cha kuhamisha kwa siku ni kipi? Ukiambiwa nyuma yako kuna watu, sema kwa upole, "Nao watasubiri, kama nilivyowasubiri waliokuwa mbele yangu," na ubaki hapo hapo. Uso ukiwaka moto, uwake tu. Hakuna aliyewahi kuungua kwa haya.

Ile nambari ya chama si mbovu, ni fupi. Ukituma ndani ya benki yako nambari fupi inatosha, ukituma benki nyingine unahitaji ile ndefu ya tarakimu ishirini inayotambulisha benki, tawi na akaunti. Kila akaunti inayo. Mwombe Mama Fortunata, na akikuambia ni visingizio, mwambie kisingizio ni kutoa nambari isiyopokea fedha. Kabla hujathibitisha, soma jina la mwenye akaunti litakalotokea. Likiwa la chama, endelea. Likiwa la Fortunata mwenyewe, au la mpwa wake, au la mtu yeyote mwenye pua na masikio, simama hapo hapo, usitume hata senti moja. Fedha zikiwa nyingi kuliko kiwango cha simu, nenda dirishani. Na uliza aina ya kuhamisha inayofika papo hapo, kwa sababu ile ya kawaida ukiituma Ijumaa jioni inaweza kulala njiani mpaka Jumatatu, na kibanda kikawa na jibini.

Sikudanganyi, marekebisho yanaweza yasikamilike kufikia Jumamosi. Kwa hiyo Bibi ajue leo, na ajue kutoka kwako, kabla yule mwenye kamba hajamletea hadithi yake. Alikutetea mbele ya watu huku moyo wake ukiuliza. Usimwache na swali hilo hata siku moja zaidi. Kisha mwende naye pamoja kwa kamati nzima, si kwa Fortunata peke yake, mkiwa na ile nakala ya malipo, mwombe siku chache kwa maandishi, na nakala yenu igongwe muhuri kwamba imepokelewa. Fortunata atapiga kelele. Mwache apige, mradi muhuri ugongwe. Mtu anayeonyesha kwamba fedha zimetoka Italia ana mahali pa kusimama, lakini mtu anayesema "kesho" hana.

Limebaki la mama yako, na najua ndilo lililokuleta. Binti yangu, mama yako aliapa juu ya mume aliyemwibia, hakuapa juu yako. Poma liko kwenye cheti chako cha kuzaliwa, umelifanyia mitihani, umelifungulia akaunti, sasa ni lako na una haki ya kulitumia kwa kazi yako. Atalia? Pengine. Atakasirika? Mpe nafasi akasirike, ni mtu mzima, amebeba makubwa kuliko hilo. Lakini mwambie hili pia, ukiweza: yule bwana fedha za nyumba alizichukua kwa mkono wake mwenyewe, akijua anachofanya. Hizi za kibanda mnataka kumwachia bure, akiwa Lima hana hata habari, kwa sababu tu ninyi wawili mnaogopa kuandika herufi nne.

Usimpigie, ukimpigia utasema mtandao mbaya. Mwandikie. Kama huoni pa kuanzia, nakili haya, ukiweka majina yenu ya kweli:

"Mama, fedha zimekwama kwa kosa langu. Jina langu kwenye kitambulisho ni Yanira Poma Tincopa. Niliogopa kukuumiza nikalificha. Naomba uende benki ukaliandike lote, kwa ajili yangu na Bibi."

Usiongeze neno. Tuma.